Mnunuzi wa Nyumba Namba Saba

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, 2021 ndio mwaka kisima cha Ua Mmoja kilipokauka na watu wakaoga kwa zamu. Hili la mzee Melkiori kuuziwa nyumba yake mwenyewe lilitokea mwaka uliofuata, 2022, mwezi wa pili, jua likiwa bado limekaa juu ya Kibaha kama mgeni asiyejua kuaga.

Melkiori alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, mrefu, mpole, na mwenye tabia moja iliyowashinda watu wote: kuzurura. Akitumwa kiberiti pale Maili Moja saa tatu asubuhi, hurudi alasiri akiwa na kiberiti na habari za Ruvu. Alihudumia pampu za maji kule Ruvu miaka thelathini na moja, na alipostaafu yeye miguu haikustaafu. Kila wiki ilimpeleka mtoni asimame nje ya uzio, asikilize mitambo inavyonguruma, kisha ageuze. Mke alishafariki, na watoto hawakujaliwa. Usingizi wake nao ulikuwa na masharti: hakuweza kulala mahali pasipo na mlio wa maji. Kwa hiyo kabla ya kupanda kitandani aliliacha bomba la dirishani kwake lidondoke kwenye beseni, to, to, to, na asubuhi maji yale yakamwagiliwa mchicha wa watu wote.

Wote wenyewe walikuwa kaya tisa. Nyumba tisa zilizotazamana, jiko moja kubwa, meza moja ndefu ya mninga, kisima kimoja, na kamba moja ya kuanikia nguo iliyokatiza ua mzima. Ndiyo maana wakapaita Ua Mmoja. Walipajenga mwaka 2010, watu waliochoka kupanga: walimu, manesi, fundi cherehani, karani. Walichanga wakanunua kiwanja kimoja, wakakubaliana kila mtu awe na mlango wake ila siku ya Jumamosi wale meza moja, awe na udhuru asiwe na udhuru.

Miaka mitatu ya kwanza waliishi bila sheria yoyote, kwa salamu tu. Kisha mwenye namba nne akahama, akamwita dalali mmoja anaitwa Mbaraka, na Mbaraka akamleta mnunuzi mwenye pesa nzuri na mashine ya kusaga. Yule bwana aliifunga mashine sebuleni. Miezi kumi na nne Ua Mmoja uliishi ndani ya unga. Nguo zilianikwa nyeusi zikaanuliwa nyeupe. Watoto wa shule walidhani pale ni nyumba ya wazee watupu, kwa jinsi kila mtu alivyokuwa na mvi, hadi nyusi. Alipoondoka baada ya kubembelezwa sana, wakakaa kitako siku mbili, wakatunga katiba.

Katiba ile ilikuwa nzuri, na hilo wala halina ubishi. Ilisema nyumba haiuzwi kwa anayetaja bei kubwa. Inaachiwa aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, kwa kile mwenyewe alichoweka na si zaidi, ili anayeondoka asimkamue anayeingia. Anayekuja ale nao Jumamosi tatu: ya kwanza aketi kama mgeni, ya pili apike, ya tatu aoshe vyombo. Kisha kila kaya itie punje moja kwenye kibuyu, kunde kwa kumkubali, hindi kwa kumkataa. Hindi moja tu linatosha kumkataa mtu.

Basi Jumamosi moja ya mwezi ule wa pili, sahani zikiwa bado mezani, Melkiori akasimama.

"Ndugu zangu, mimi naondoka. Dada yangu Tereza, yule nesi mstaafu wa Kisarawe, macho yamekwisha. Anamimina chai kwa kutumbukiza kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Nimemwahidi kwamba mvua za masika hazitanikuta huku."

Wa kwanza kusema ni Khalfani, fundi cherehani, Mzaramo wa Mlandizi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo Khalfani alikuwa na kibali cha kumwambia Melkiori lolote, hata msibani.

"Kidole kipi?" akauliza.

"Khalfani!" akafoka Bi Atupele, mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Tukuyu, ambaye akikukemea unajikuta umesimama. "Pole sana, Mzee Melkiori. Umetangaza, tumesikia. Ndugu katibu, soma jina la kwanza kwenye orodha."

Katibu alikuwa Hashiru, karani mstaafu, mtunza daftari kubwa alilolifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Akafungua, akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Wa kwanza," akasema, "ni Melkiori Kasanda."

"Huyo ni mimi," akasema Melkiori.

"Ndiyo. Hongera."

Kumbe mwaka 2010 watu walikuwa kumi na nyumba tisa. Wakapiga kura ya vikaratasi, Melkiori akakosa, akaandikwa wa kwanza kusubiri. Kabla saruji haijakauka, mwenye namba saba akahamishwa kikazi akajitoa, Melkiori akaingia kwa shangwe, na katika ile shangwe hakuna aliyekumbuka daftari. Akaishi miaka kumi na miwili ndani ya nyumba huku akiisubiri.

"Basi nifute," akasema.

"Sina ruhusa. Jina hufutwa na mwenyewe, kwa mkono wake."

"Lete kalamu nijifute."

"Umechelewa, mzee wangu. Orodha hufungwa siku nyumba inapotangazwa. Tuliiweka hiyo ili madalali wasiwahonge watu wajitoe. Umetangaza, mimi hapa nina saa yangu, dakika nne zilizopita."

"Basi nakataa kununua!"

Bi Atupele akatikisa kichwa kwa huruma. "Anayekataa lazima aandike kasoro ya nyumba, na muuzaji airekebishe kabla haijaenda kwa wa pili. Kasoro ni ipi?"

Melkiori akaitazama nyumba yake. Alikuwa ameipaka chokaa mwezi wa kumi na mbili. "Haina," akasema.

Wa pili kwenye orodha alikuwa Zubeda, muuza vitumbua wa stendi, mjane aliyepanga chumba kimoja Mwendapole na kusubiri miaka saba. Habari zilimfikia kabla mafuta ya asubuhi hayajachemka, na zikamfikia vibaya. Jumapili akaja mwenyewe, beseni la vitumbua kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia umetaka kuikataa hii nyumba. Wewe ndiye unayeijua kuliko watu wote. Kuna nini humu ndani?"

"Hakuna kitu, Zubeda. Ni nzuri sana."

"Ikiwa nzuri mbona hata wewe huitaki?"

Hapo Melkiori akaona kuwa njia iliyobaki ni moja. Atakula Jumamosi zake tatu kama katiba inavyotaka, atiliwe hindi, akataliwe, na mama wa watu apate nyumba. Hesabu ilikuwa inatosha: wiki tatu, na masika bado.

Jumatatu Hashiru akavaa koti, akatembea hatua ishirini, akabisha hodi namba saba na kumkabidhi barua: "Ndugu, tunafurahi kukujulisha kuwa nyumba uliyoisubiri kwa uvumilivu imepatikana. Muuzaji ni mzee mtulivu na atakuonyesha vyumba." Melkiori akaisoma mara mbili. Kisha, maana alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, akajionyesha vyumba. Akashangaa kukuta ufa nyuma ya kabati, lakini daftarini alishaandikwa kuwa nyumba haina kasoro.

Jumamosi ya kwanza wakamweka kiti cha mgeni, upande wa mlangoni, na kiti chake cha siku zote kikaachwa wazi kwa ajili ya muuzaji.

"Mgeni wetu, karibu," akasema Bi Atupele. "Umesikiaje habari zetu?"

"Kwa majirani."

"Kabila gani?" Khalfani akadakia.

"Mnyamwezi."

"Ha! Na mzigo wako uko wapi? Mnyamwezi hatembei kichwa kitupu. Jamani mchunguzeni huyu, asije akawa Msukuma."

"Wewe Mzaramo usiyefika hata Chalinze utamjua Mnyamwezi?" Melkiori akajibu, akasahau kuwa ni mgeni. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Jumamosi ya pili akapika. Alikusudia kuharibu, akatia chumvi kwenye maharage mara tatu, mara ya tatu akiomba radhi kwa sauti ndogo, kwa maharage. Wakala yote. Khalfani akanywa vikombe vitano vya maji akaongeza sahani. Bi Atupele akasema mgeni ana mkono wa chumvi lakini ana nia njema, na Hashiru akaandika hivyo hivyo.

Jumamosi ya tatu, kwenye kuosha vyombo, akaazimia kuvunja sahani. Akashika ya kwanza, akaona ina maua ya bluu, ni ya Bi Atupele, aliletewa na mwanawe. Ya pili ya Khalfani, ina ufa tayari, kuivunja ni uonevu. Akazipitia zote hivyo, mwisho akavunja ya kwake.

Lakini hakutegemea sahani peke yake. Wiki hiyo alipita mlango kwa mlango, akimwambia kila mmoja kwa faragha, "Nitilie hindi." Na kila mmoja akamshika mkono: "Usijali, mzee wangu."

Kura ikapigwa. Kibuyu kikazunguka, kaya nane, maana muuzaji hapigi. Hashiru akakipindua kwenye ungo. Kunde. Kunde. Akakitikisa, akakichungulia, akakipiga makofi matakoni. Kunde nane, na hindi hata la dawa hakuna.

"Mgeni amekubaliwa na watu wote," Bi Atupele akatangaza kwa sauti iliyokosa nguvu. "Haijawahi kutokea."

"Nani kati yenu…" Melkiori akaanza.

"Mimi nilidhani wewe Khalfani utatia," akasema Hashiru.

"Mimi? Mimi mtani wake! Mtani anatukana, hafukuzi. Nilijua atatia mwenyekiti, yule hana huruma."

"Nilishalishika hindi," akasema Bi Atupele, akitazama meza. "Likagoma mkononi. Nikasema, wenzangu saba wapo."

Ikawa ndivyo. Kila mmoja alimwachia mwenzake aibu ya kumfukuza mzee, na aibu ikabaki bila mbebaji. Kura hairudiwi, maana ikirudiwa mara moja itarudiwa kila mara. Na mnunuzi mpya hauzi kabla ya miaka miwili. Hilo nalo waliliweka kwa ajili ya madalali. Melkiori akahesabu kwa vidole, akafika 2024, akaacha kuhesabu.

Jumanne yake simu ikaja kutoka Kisarawe. Tereza alikuwa amejiunguza kiganja kwa birika.

"Si sana," akasema Tereza. "Nimejifunga mwenyewe. Unakuja lini?"

"Kuna kikao kimebaki."

"Kikao cha nini?"

"Cha mimi kuuziana na mimi."

"Melkiori," dada akasema taratibu, "umekunywa maji leo? Jua ni kali."

Alikuwa bado ameshika simu Mbaraka alipotokea getini. Madalali wa Kibaha harufu ya nyumba inayouzwa huwafikia kabla ya mwenyewe.

"Mzee, pole. Nimesikia yote. Hati si ina jina lako? Mimi nina mteja yuko kwenye gari hapo nje, ana haraka. Kesho asubuhi uko Kisarawe. Hayo mambo ya kunde na mahindi waachie wao."

"Ana mashine?"

"Mashine gani?"

"Ya kusaga."

"Hana! Anafuga kuku tu."

Melkiori akaitia simu mfukoni, na Mbaraka akafikiri amekubali. Akakifikiria kile kiganja. Akamfikiria pia Zubeda na miaka yake saba, akipita kila asubuhi nje ya geti na beseni, asigeuze shingo, kama mtu anayeogopa kukitazama kitu kisije kikaondoka.

"Mwambie azime gari," akasema. "Anamaliza mafuta bure."

Kikao cha mwisho kilikuwa kile cha kifungu cha tisa: muuzaji na mnunuzi wakae meza moja, uso kwa uso, wakubaliane mbele ya watu. Muuzaji akimkataa mnunuzi na kutoa sababu ya kueleweka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, nyumba inakwenda kwa anayefuata. Wakaweka viti viwili. Zubeda aliruhusiwa kusimama mlangoni.

"Muuzaji yupo?" Bi Atupele akauliza.

"Yupo," akasema Melkiori, akaketi kiti cha kulia.

"Mnunuzi yupo?"

Akanyanyuka, akazunguka meza, akaketi cha kushoto. "Yupo."

"Tuanze na muuzaji."

Akazunguka tena. Magoti yalilia. Akakitazama kile kiti kitupu cha mbele yake, akakitazama sana, na watu wakaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtu anayemtazama mtu.

"Mimi huyu simuuzii," akasema.

"Sababu?"

"Namjua."

"Kumjua si sababu. Tueleze," akasema Bi Atupele, lakini kwa upole.

"Huyu bwana ukimtuma kiberiti anakwenda Ruvu. Pampu zilishapata watu wengine siku nyingi, yeye bado anakwenda kuangalia kama zinanguruma. Anawamalizia maji kwa sababu eti hawezi kulala kimya, na mnamlipia, hamsemi. Alipofiwa na mkewe mlimpikia siku arobaini, hajawahi kuwapikia chakula cha maana, siku aliyopika alitia chumvi makusudi. Mliona?"

"Tuliona," wakajibu watu wawili watatu.

"Haya. Na ana dada. Dada huyo ndiye aliyemsomesha huyu bwana kwa mshahara wa unesi, akamtafutia kazi pampuni, akamshonea suruali ya kwanza. Sasa haoni. Kaungua mkono. Na huyu bwana yuko hapa wiki ya tano anakula kwenye sahani za watu, eti anafuata utaratibu. Mtu wa namna hiyo mimi nyumba simpi. Aende kwa dada yake."

Bomba la namba saba lilisikika likidondoka, to, to. Khalfani alifungua mdomo, akaufunga. Haijulikani kama aliwahi kufanya hivyo kabla.

"Sababu imeeleweka," akasema Bi Atupele. "Mnunuzi ana la kusema?"

Melkiori akanyanyuka, akazunguka meza mara ya mwisho, akaketi kushoto, akajipangusa macho.

"Sina kinyongo naye," akasema. "Kasema kweli."

Zubeda akaanza kulia mlangoni, na Khalfani akapata pa kushika. "Usilie, dada yangu, bado hujala hayo maharage."

Usiku ule Melkiori hakulala Kibaha. Alipanda gari la mwisho akazunguka kwa Mbezi na Pugu, akapanda vilima, akamkuta Tereza amekaa barazani na mkono uliofungwa, akamwambia, "Nimekataliwa." Tereza akasema, "Afadhali." Chai akaimimina Melkiori, kwa macho.

Zubeda naye akala Jumamosi zake. Alipika pilau iliyowafanya wamsahau mgeni wa chumvi kwa nusu saa nzima, na kibuyu kikatoa kunde nane. Melkiori akarudi siku moja tu ya kutia saini, mawingu ya masika yakiwa yameshajaa upande wa bahari, na Tereza yuko mbele kwenye kirikuu kilichobeba kitanda, kabati, na lile beseni. Yeye na Zubeda walikaa uso kwa uso kwa muda wa kula kitumbua kimoja. Akamkabidhi funguo, akamwonyesha ufa nyuma ya kabati.

Hashiru akamfuata mpaka garini na daftari.

"Mzee Melkiori, jambo moja. Mnunuzi aliyekataliwa na muuzaji hafutwi kwenye orodha, maana kosa si la kura. Kwa hiyo bado wewe ni wa kwanza. Leo orodha iko wazi. Ukitaka, jifute."

Akampa kalamu. Wote walikuwa wamesimama pale getini, Bi Atupele na sahani ya maua ya bluu aliyomletea iwe yake, Khalfani amegeukia ukuta kama anaupima kanzu. Melkiori akalitazama jina lake, la wino wa 2010 uliogeuka kahawia. Akairudisha kalamu.

"Liache."

Matone ya kwanza yakaanza kupiga kwenye bodi la gari. Akaketi karibu na dada yake, kisha akatoa kichwa dirishani kama aliyesahau kitu, na swali alilouliza hakujibiwa siku ile, wala alipolituma kwa simu mwezi wa sita, wala kwenye kikao cha mwaka ambako Hashiru alilisoma kwa sauti na watu wakaanza kukusanya vyombo:

"Hashiru, nikiitwa tena, nile Jumamosi tatu upya, au hizi zinahesabika?"